Sabuni Iliyovuka Ukuta

Kosa ni langu, na naomba nilibebe mwenyewe kabla watu wa mji huu hawajanibebea, maana wao wakilisimulia hulitia chumvi mpaka halilambiki. Mimi ndiye niliyemwambia Isogai arushe sabuni upande wa dirishani. "Fumie hukaa dirishani," nilimwambia, tena kwa uhakika wote. Kazi yangu ni kukaa kwenye kile kiti kirefu mlangoni mwa hamamu yetu, wanaume kulia kwangu, wanawake kushoto, nikipokea hela na kugawa taulo. Nani hukaa wapi ni jambo ninalopaswa kulijua hata nikiwa usingizini. Nilichosahau ni kwamba safari hii Fumie alikuja na wifi yake, na ukija na wifi wa namna ile, dirishani hukai wewe.

Basi tumwache mwenye kosa, tumfuate Fumie.

Fumie alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, hata akiwa peke yake jikoni. Aliishi mjini Kawagoe, nyumba moja na wifi yake Tomeko, dada mkubwa wa marehemu mumewe, Shigeo. Shigeo alipofariki, Tomeko alihamia na masanduku yake na chungu chake cha umeme cha kupikia wali. "Nisikuache mpweke," alisema, na tangu siku hiyo Fumie hakupata tena kuwa mpweke hata alipotaka. Sokoni walikwenda wawili. Kwa daktari wa meno walikwenda wawili, mmoja akang'olewa jino na mwingine akapiga kelele. Hata kaburi la ukoo Tomeko alishaligawa. "Shigeo katikati, wewe kulia, mimi kushoto," alipenda kusema akimenya chungwa. "Hapo tumetulia. Hakuna wa kututenganisha."

Mara mbili Fumie alifanikiwa kuchomoka, akaja kwetu Uranohama mwisho wa wiki, akisingizia mgongo. Mji wetu ni mzuri kwa migongo. Hauna kitu cha kukimbilia. Mtu wa mjini hulala, huamka, hula samaki, huingia kwenye maji ya moto, hulala tena, na Jumatatu hupanda basi akiwa amenenepa uso. Ila mgongo wa Fumie ulikuwa na namna yake ya pekee ya kupona, nayo ni kusimama mbele ya meza ya Isogai.

Isogai hukausha samaki. Ni mgane, mkewe alifariki siku nyingi, na mikono yake inanuka chumvi hata akivaa suti ya mazishi. Samaki huongea nao asubuhi nzima huku akiwapasua na kuwaanika kwenye vichanja, anawapa habari za mji, anawauliza maoni. Lakini mwanamke akisimama mbele ya ile meza, Isogai huwa mmoja wao, macho yamemtoka na mdomo wazi. Safari ya kwanza alimwongezea Fumie ng'onda mmoja bila neno. Safari ya pili alimwongezea watatu, akamsindikiza hadi kituoni, na pale, akiitazama tairi ya basi, akasema kwamba nyumba yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Fumie alijua fika sentensi ya namna hiyo inaelekea wapi. Bahati mbaya basi nalo lilikuwa linaelekea, likaondoka naye.

Mwezi wa nane Isogai akapiga simu. Mwanawe wa Osaka anamtaka afunge kazi akaishi naye, ghorofa ya tisa.

"Ghorofa ya tisa?" Fumie akauliza. "Ng'onda utawaanika wapi?"

"Ndiyo hapo," akasema Isogai, kisha wakakaa kimya kwenye simu kama watu wawili wanaosubiri wa tatu aseme. Mwisho akaongeza kwamba anatakiwa kumjibu mwanawe baada ya Sikukuu ya Wazee.

Fumie akakata tiketi ya sikukuu ileile. Alishaamua. Kama Isogai atauliza, yeye atakubali, na kama hatauliza, basi Fumie atamuuliza mwenyewe. Kilichobaki ni kumpata Isogai peke yake, hata kwa dakika tano. Na hapo ndipo wifi alipotokea mlangoni mwa chumba amebeba mkoba.

"Mgongo tena?" akauliza Tomeko.

"Unauma kweli, wifi."

"Mgongo gani huo unaopona kwa kula samaki? Safari hii tunakwenda wote. Na wangu unaanza."

Wakafika Jumamosi mchana. Kabla mwenye nyumba ya wageni hajamaliza kuinama kuwakaribisha, Tomeko alishatia mkobani vifuko vya chai, vitana viwili, miswaki, na kile kisifongo cha kung'arishia viatu. "Vimelipiwa," alimwambia Fumie. Akaketi kwenye mkeka, akakunja miguu, na akaanza kupumzika kwa namna yake, yaani kumtazama Fumie.

"Ngoja nikatembee kidogo, wifi," akasema Fumie.

"Twende."

"Nakwenda tu kununua stempu."

"Nami nimeishiwa."

"Nakwenda chooni."

Tomeko akafikiri. "Haya, hapo nenda. Nakusubiri mlangoni."

Siku ikapita hivyo. Jumapili asubuhi wakaenda ufukweni wakiwa wawili kama miguu ya suruali. Tomeko alinunua ngisi wa kuchoma kwenye kijiti, na walipofika kwenye meza ya Isogai alikuwa akimtumia huyo ngisi kuonyeshea samaki anaowataka.

"Huyu kiasi gani? Na yule aliyekunja uso? Mbona wadogo hivi? Kwani baharini mnawavua au mnawaiba shuleni?"

Isogai alikuwa ameshakuwa samaki. Alimtazama Fumie, akatazama kisu, akamtazama Fumie, akatazama ndoo.

"Baba huyu ni bubu?" Tomeko akamuuliza Fumie, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini.

Sasa, sisi wa hapa chakula tunakila nje tukiwa tumekikumbatia kifuani, kwa sababu ya mwewe. Mwewe wetu hawana adabu. Hukaa juu ya nguzo za umeme wakisubiri wageni wa mwisho wa wiki, na mgeni hujitambulisha mwenyewe kwa kupunga chakula hewani. Tomeko alikuwa amepunga vya kutosha. Kikapita kivuli, ikasikika fyuu, na kijiti kikabaki mkononi kitupu.

"Rudisha!" akapiga kelele Tomeko. "Mwizi! Nimelipa, mimi!" Akamfukuza yule ndege kando ya ukuta wa bahari, ndara moja imemtoka, akimrushia maneno ambayo mwewe hajawahi kuambiwa tangu aanguliwe.

Fumie na Isogai wakabaki wawili.

Huenda Isogai angesimama hivyo mpaka Tomeko arudi, lakini wiki ile nilikuwa nimemfundisha la kusema, na alilirudia kila siku mbele ya vichanja. Akainama juu ya kolekole mmoja aliyepasuliwa, akaanza kumwambia yeye.

"Leo jioni nitakuwa hamamuni."

Fumie naye akamwangalia kolekole. "Nami nitakuwapo."

"Mke na mume wa hapa sabuni yao huwa moja."

"Najua," akasema Fumie. Kila aliyewahi kuoga kwetu anajua. Ukuta kati ya wanaume na wanawake haufiki darini, na mwenye ndoa akimaliza kujisugua humrushia mwenzake sabuni kwa juu, akatoa sauti ya kumtahadharisha, na upande wa pili ikadakwa. Watoto wetu hukua wakidhani sabuni ni aina ya ndege.

"Nitarusha moja," Isogai akamwambia kolekole, na jasho lilikuwa likimdondokea yule samaki aliyekwisha kutiwa chumvi. "Mpya. Ukiona inafaa, ogea, kisha nirudishie. Ukiona haifai, ondoka nayo tu, ni sabuni nzuri. Sitauliza tena, wala hakuna atakayeaibika. Jumanne, sikukuu ikiisha, nitampigia mwanangu."

Fumie akamsogelea kolekole. "Utakaa majini mpaka saa ngapi?"

"Mpaka irudi," akasema Isogai. Akafikiri kidogo. "Au mpaka niive."

Fumie akaziba mdomo kwa kiganja. Na hapo Tomeko akarudi anahema, mguu mmoja peku.

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Bei," akasema Fumie.

"Kapunguza?"

"Kaongeza samaki."

"Kumbe ana ulimi," akasema Tomeko, akamtazama Isogai kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni wakaja hamamuni na vibeseni vyao. Fumie alikuwa amepaka poda, na hakuna mwanamke anayepaka poda kwenda kuoga. Niliiona, nikajifanya nahesabu taulo.

"Wenye miaka sabini na kuendelea ni bure leo," nikawaambia, kwa ajili ya sikukuu.

"Bure tu?" akasema Tomeko. "Hakuna zawadi? Kwetu mwaka jana wazee tulipewa taulo yenye picha ya kobe."

"Subiri, mama," nikamtania. "Huenda na hapa zawadi ikashuka."

Hilo ni kosa la pili. Pale mwanzo sikulitaja kwa sababu nilitaka mnizoee kwanza.

Ndani, Tomeko akaenda moja kwa moja dirishani, akavuta kigoda, akaketi. "Hapa pana hewa," akasema. Fumie alitaka kumwomba wabadilishane. Mtu hawezi kudai dirisha. Akaketi upande wa mlangoni, karibu na mama wa duka la tofu, ile jibini ya soya, akaanza kujimwagia maji huku shingo ikiwa imeelekea juu ya ukuta kama mtu anayesubiri mvua.

Upande wa pili wanaume walikuwa wanapiga soga. Sauti ya Nezu, nahodha wa mashua, ndiyo iliyotawala, ikisimulia samaki aliyemponyoka. Kisha Fumie akasikia mtu anakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo, cha adabu, cha mtu anayejiandaa. Akakijua.

"Haya!" ikaita sauti ya Isogai, ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe.

Sabuni ikatokea juu ya ukuta. Ilikuwa nyeupe, nzuri, ikijipindua taratibu kwenye mvuke. Ikaenda pale pale nilipomwelekeza, dirishani, na kutua ndani ya ndoo ya Tomeko. Chubwi!

Tomeko alikuwa na povu la nywele machoni. Akapapasa ndooni, akashika, akanusa harufu kali ya ndimu.

"Yuzu!" akasema. "Sabuni ya yuzu! Fumie, zawadi imeshuka!"

"Wifi," akasema Fumie, akisimama haraka, "leta niione."

"Yule wa mlangoni si alisema? Mimi nilidhani ananitania. Ila angalia adabu yao, wazee tunarushiwa kama nyani wa bustani." Akafungua macho, akaigeuzageuza. "Mpya kabisa."

"Wifi, hiyo nadhani si yako."

"Imeingia ndoo ya nani?"

"Yako, lakini..."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na miwili, unajua."

"Basi. Zawadi ni ya sabini. Wewe bado mtoto, vumilia." Akaanza kujisugua nayo shingoni, makwapani, akipiga mluzi.

Fumie akarudi kukaa. Sabuni ile ilikuwa inapungua mbele ya macho yake, na pamoja nayo nyumba yenye vichanja, na asubuhi za kusikiliza mtu akiwapa samaki habari za mji. Upande wa pili kikohozi kikasikika tena.

"Isogai, hutoki?" ikasema sauti ya Nezu. "Leo maji yanachemsha mayai."

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Nafikiri."

"Ukafikirie nje, bwana!"

Fumie akavuta kigoda karibu na wifi yake. "Nikununulie wewe sabuni kumi, wifi. Kesho, kabla ya basi. Kumi za yuzu. Nipe hiyo moja."

Tomeko akaacha kupiga mluzi. "Kumi za kununua kwa moja ya bure? Wewe maji yamekupanda kichwani?"

"Naipenda tu harufu yake."

"Basi kaa karibu unuse." Akaisuuza ile sabuni, akaifunga kwenye kitaulo, akaitia katika kibeseni chake na kukisogeza chini ya goti. Kisha akajimwagia maji kichwani. Fumie akanyoosha mkono polepole, polepole, akagusa pembe ya kitaulo.

Pa! Tomeko alimchapa kofi la vidole bila kufumbua macho. "Fumie! Marehemu angekuonaje, unamwibia mzee siku ya sikukuu yake?"

Mama wa duka la tofu alikuwa ameacha kujisugua, anaangalia kama mtu aliyelipia tiketi.

"Jamani, Isogai!" Nezu akapaza sauti. "Umekuwa mwekundu kama pweza wa mwaka mpya aliyechemshwa! Mshikeni huyu!"

"Niacheni," ikasema sauti ya Isogai, na safari hii ilikuwa nyembamba, inatokea mbali. "Bado... kidogo."

"Unaongea na nani?" akafoka Nezu. "Tazama mbele! Haya, namhesabia mpaka kumi, kisha namtoa mwenyewe kwa kwapa. Moja!"

Fumie akajikuta amesimama, uchi, maji yakimchuruzika, katikati ya hamamu. Miaka yote ile alizungumza kwa sauti ya kupita chini ya mlango. Iliyomtoka sasa hata mimi niliisikia kitini.

"Wifi! Hiyo si zawadi ya wazee! Hiyo ni posa yangu!"

Maji yakaacha kumwagika. Upande wa pili Nezu alifika nne, akasahau tano.

Tomeko akafumbua macho. Akakitazama kibeseni, akamtazama Fumie, akautazama ukuta.

"Posa?" akasema. "Kwa sabuni?"

"Ndiyo."

"Yule bubu wa samaki?"

"Si bubu. Anachelewa tu."

"Na hata pete hana?"

"Nikiirudisha ile sabuni nimekubali. Nikiondoka nayo nimekataa. Asipoipata anakwenda Osaka, ghorofa ya tisa." Fumie alikuwa analia sasa, ila kwenye hamamu machozi hayana mpaka na maji. "Nilitaka kukuambia kwenye treni. Nikataka kukuambia jana. Kila nikifungua mdomo unaniambia twende."

Tomeko akakivuta kibeseni kutoka chini ya goti. Akakifungua kitaulo, akaitoa sabuni, akaishika kwenye mapaja kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Na Shigeo?" akauliza.

"Shigeo nilimwambia. Nilimwashia ubani pale kwenye kijimadhabahu chake cha nyumbani, nikamweleza yote."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza."

"Aa," akasema Tomeko. "Alikuwa hivyohivyo hata alipokuwa hai."

Mama wa tofu akacheka, akajifanya anapiga chafya. Fumie naye akataka kucheka, kiganja kikapanda kuziba mdomo, kikaishia njiani, kwa sababu uso wa wifi yake haukuwa unacheka. Ulikuwa umelowa na umelegea, uso wa mzee wa miaka sabini na minne aliyekaa kwenye kigoda cha plastiki.

"Mimi nilijua," akasema Tomeko. "Unadhani sijui? Mgongo unauma, halafu mtu anafungasha rangi ya mdomo. Nilikuja nimwone. Nikasema, akiwa mlevi nitamfukuza. Akiwa mzungumzaji sana nitamfukuza." Akaigeuza sabuni. "Asiyesema kabisa sikumwandalia jibu."

"Wifi, anakaribia kuzimia."

"Najua, namsikia. Mwanamume anayejichemsha kwa ajili yako." Akavuta pumzi. "Mimi hakuna aliyewahi kunipashia hata chai."

"Isogai bado mzima?" Fumie akapaza sauti ukutani.

"Amefumba macho," ikajibu sauti ya Nezu, kwa heshima mpya. "Ila anatabasamu. Mama, tafadhali, kama mna jambo, lifanyeni haraka huko."

Tomeko akanyoosha mkono. Fumie akaipokea sabuni. Ilikuwa imebaki kidogo kuliko alivyotamani, na ilikuwa na unywele mmoja mweupe. Akaondoa unywele, akaoga, kama masharti yalivyosema, mikono, mabega, kifua, haraka. Kisha akarudi hatua mbili nyuma na kurusha.

Ikapiga ukuta katikati, ikashuka chini, ikateleza sakafuni mpaka kwenye mfereji. Mama wa tofu akaikanyaga kabla haijazama.

Akarusha tena. Ikapanda, ikafika ukingoni, ikatafakari, ikarudi upande ule ule.

"Mungu wangu, mkono wa uji huo," akasema Tomeko. "Lete hapa."

"Wifi..."

"Lete, nimesema. Unajua nilikuwa nani pale kiwanda cha nguo? Timu ya voliboli, miaka sita. Nikipiga mpira, mhasibu anafunga dirisha."

Akasimama. Akaweka kitaulo begani, akaitia sabuni kiganjani, akaupima ukuta. Na hapo akasita. Fumie alimwona anasita. Mkono uko juu, sabuni iko juu, na Tomeko haushushi wala hapigi, anaitazama tu ile sabuni ndogo kana kwamba ina jina lake pia. Fumie alijua kwamba kama mkono ule ungeshuka, hatakuwa na sauti nyingine ya kupaza. Ilikuwa moja, na alishaitumia.

"Jumapili utanipigia simu," akasema Tomeko, bila kugeuka.

"Nitakupigia."

"Si kila Jumapili. Mara moja moja nitakuwa na shughuli zangu."

"Sawa, wifi."

"Haya."

Akapiga. Sabuni ilivuka ukuta kama iliyotumwa na jeshi. Upande wa pili kikasikika kishindo, sauti ya Nezu ikasema "Mama yangu, jicho!", ndoo ikaanguka, kukawa na purukushani ya maji, na kisha, juu ya kelele zote, sauti ya Isogai, nyembamba, imeiva kabisa.

"Nimeidaka! Fumie! Nimeidaka!"

Wanaume wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kitini, ingawa kazi yangu hainiruhusu. Wakambeba Isogai mpaka kwenye chumba cha kuvulia nguo, wakamlaza mbele ya feni na chupa ya maziwa baridi kwenye paji la uso. Alikuwa mwekundu wote, na ile sabuni hakukubali kuiachia hata alipovalishwa suruali.

Fumie alikwishakimbilia chumba cha kuvalia. Alijifuta nusu, akavaa kimono cha nyumba ya wageni, mkanda ukamshinda mara mbili. Alicheka, na kiganja hakikupanda kuziba. Alikuwa anafunga fundo la mwisho, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni, aliposikia kitu nyuma ya kioo, huko bafuni, akasimama kusikiliza.

Tomeko alikuwa ameingia kwenye maji ya moto. Mama wa tofu alishatoka. Tomeko alikuwa peke yake mle bwawani, kitaulo kimekunjwa juu ya kichwa, mvuke umemzunguka, na uso ameuelekeza juu, pale ukuta unapoishia. Upande wa pili kulikuwa bado na wanaume kadhaa, wanasikika wakinong'ona na kusuuza vibeseni.

"Enyi wa huko!" akaita Tomeko.

Vibeseni vikanyamaza.

"Nasema, enyi wa upande wa pili!" Akakohoa, kikohozi kidogo, cha adabu. "Hamna mwenye sabuni nyingine huko? Hata kipande. Nirushieni na mimi."